KUJIANDAA KABLA YA BALAA NI SEHEMU YA IMANI

Karatasi ya Ijumaa – Kamina, Haut-Lomami

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba ugonjwa na akaumba dawa yake, aliyeumba mvua ya rehema na akatuachia akili ya kujenga mahali pasipofikiwa na maji. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, masahaba wake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninawausia nyinyi, na ninaanza kuiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu kuna jambo moja ambalo wengi tunalisahau mpaka siku ya msiba ifike: kujiandaa.

Ndugu zangu, kuna maneno tunayapenda sana. Mtoto anakohoa siku tano, tunasema, "Mungu atamponya." Mvua zinakaribia na mfereji wa lupango umejaa takataka, tunasema, "Mungu atatulinda." Ni maneno ya haki, kwani hakuna anayeponya wala anayelinda isipokuwa Yeye. Lakini tukiyasema huku tumekunja mikono, tumeyatumia mahali pasipo pake.

Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru amtegemee Mungu, au amfunge. Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Hadithi hii imepokewa na Tirmidhi. Tazameni utaratibu wake: kamba kwanza, kisha tawakkul. Mwenye kuacha kamba hajazidi imani kuliko mwenye kuifunga. Amezidi uvivu tu.

YUSUF NA GHALA LA NAFAKA

Tusome Sura Yusuf kwa macho ya mtu anayejiandaa. Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa gerezani kwa dhulma. Mfalme wa Misri aliota ndoto, na mfalme huyo hakuwa wa dini yake. Yusuf hakusema, "Hao si watu wangu, wacha wafe njaa." Alitoa tafsiri, na pamoja na tafsiri akatoa mpango: walime miaka saba mfululizo, watakachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa sababu inakuja miaka saba ya shida.

Humo mna mafunzo matatu. La kwanza, maandalizi hufanyika siku za neema, siyo siku ya njaa. La pili, yanahitaji ujuzi. Hata kuacha nafaka katika mashuke ni elimu ya kuzuia isiharibike. La tatu, Yusuf aliweka akiba ili agawe. Ndugu zake walipokuja kutoka Kanaani walipimiwa sehemu yao kama watu wengine.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya kuweka akiba na kuficha bidhaa. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Muslim, kwamba hafichi bidhaa ili bei ipande ila mwenye dhambi. Mfanyabiashara anayesikia ugonjwa umeingia mjini, akafungia sabuni na chumvi ndani ya depo ili auze mara mbili, asijiite mwenye kujiandaa. Huyo amejiandalia hesabu ngumu kwa Mola wake.

MWAKA WA 18 WA HIJRA

Waislamu wa kwanza walipatwa na mitihani miwili mikubwa kwa wakati mmoja. Mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na mwaka 639, Madina ilishikwa na ukame na njaa, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Wakati huohuo huko Sham kulikuwa na tauni ya Amwas. Kiongozi alikuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.).

Katika njaa, Umar alisali na kuomba mvua, na pia aliandika barua. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, na misafara ikaja. Alikataa yeye mwenyewe kula samli na nyama mpaka watu wa kawaida wapate.

Katika maradhi, Umar alikuwa njiani kwenda Sham alipopewa habari ya tauni. Akataka shauri la Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Makureshi, na akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, kama mchungaji anayeacha upande wa bonde ulio mkavu akapeleka wanyama upande wenye majani. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaleta Hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikiwa mahali mlipo msitoke kwa kuikimbia. Imo katika Bukhari na Muslim. Umar akamshukuru Mungu kwa kuwa uamuzi wake umekubaliana na Sunna.

Tauni ile ilimchukua Abu Ubayda, ikamchukua na Muadh bin Jabal, Mungu awaridhie. Hawa walikuwa masahaba wakubwa. Basi asije mtu kutuambia kwamba mwenye imani hashikwi na ugonjwa, wala kwamba aliyeugua imani yake ni pungufu.

GRIPI NA MJI WETU WA RELI

Kamina ni mji wa reli. Njia moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Kananga mpaka Ilebo, nyingine Kabalo mpaka Kalemie. Reli inatuletea unga, samaki, nguo na ndugu zetu. Na kinachosafiri na watu, husafiri pia katika mapafu yao na mikononi mwao. Mwaka 1918 gripi ile kubwa iliyoua mamilioni ya watu duniani iliingia Katanga kutoka kusini kwa njia ya reli. Mwishoni mwa mwaka 2002 gripi iliwapiga watu wa Bosobolo, kaskazini mwa nchi yetu, na watoto wadogo walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Na mwezi Machi 2020 Covid-19 ilithibitishwa Kinshasa. Misikiti na makanisa ya nchi nzima yakafungwa, yakafunguliwa tena mwezi Agosti mwaka huo.

Watu wengi huidharau gripi. Wanasema ni mafua tu. Kwa kijana mwenye nguvu huenda ikapita kwa wiki moja. Lakini kijana huyo anaweza kuanza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia mgonjwa, na akaendelea siku tano au saba baadaye. Anarudi nyumbani, analala chumba kimoja na bibi yake, na mke wake mwenye mimba, na mtoto wa miezi minne. Kwao si mafua tu. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu, mwenye kifua kikuu, mwenye ugonjwa wa sukari, na mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi ambao tunao katika familia nyingi.

Gripi hupita kwa matone ya kikohozi na chafya, na kwa mikono iliyogusa pua kisha ikagusa mkono wa mwingine. Basi dawa ya kwanza ni adabu, na adabu hiyo tumefundishwa tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya alifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo yake na kupunguza sauti, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Leo waganga wa hospitali wanatushauri tutumie kitambaa au kiwiko cha mkono, kwa sababu kiganja ndicho tunachosalimia nacho. Kisha tunawe kwa maji na sabuni. Udhu ni tohara, na tohara yake ni kubwa, lakini sabuni haijakatazwa katika udhu. Ongeza sabuni.

Na mwenye gripi asikimbilie kununua vidonge vya antibiotiki sokoni. Vidonge hivyo haviui kirusi cha gripi. Anahitaji kupumzika, kunywa maji mengi, na kutengwa kidogo na wadogo na wazee. Lakini ukiona mtoto anapumua mbio, kifua chake kinaingia ndani, hataki kunyonya, ana degedege au amelegea hazinduki vizuri, usingoje asubuhi. Mpakie kwenye kinga au pikipiki, mpeleke hospitali. Hali kadhalika mtu mzima anayeshindwa kupumua au aliyechanganyikiwa akili.

MGONJWA ASALI WAPI?

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito kwetu, nasi tuseme wazi. Yuko Muislamu mwema anayependa Ijumaa kuliko kitu chochote. Ana homa, anakohoa, na bado anakuja, anakaa safu ya kwanza katikati ya wazee. Anadhani amepata thawabu mbili, ya Ijumaa na ya kuvumilia.

Tumjibu kwa upole kutoka katika Sunna. Mtume (s.a.w.) ameitaja Ijumaa kuwa wajibu, na katika aliowatoa katika wajibu huo ni mgonjwa. Amemwamuru aliyekula kitunguu saumu kibichi akae mbali na msikiti wetu, na hiyo ni harufu tu inayowaudhi watu. Itakuwaje kwa kikohozi kinachoweza kumlaza mzee kitandani? Amefundisha kwamba mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwa wenye wanyama wazima. Na ametuwekea kanuni kubwa: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara.

Ibn Abbas (r.a.) siku ya Ijumaa yenye mvua na matope alimwamuru muadhini awaambie watu wasali majumbani mwao. Watu wakashangaa. Akawaeleza kwamba aliyekuwa bora kuliko yeye, yaani Mtume, alifanya hivyo. Ikiwa matope ni udhuru, homa yenye kuambukiza ina haki zaidi.

Basi ewe ndugu unayeumwa, kaa nyumbani usali Adhuhuri rakaa nne, na tunatumaini kwa Mwenyezi Mungu ujira wako haupungui, kwa kuwa Mtume ametubashiria kwamba mgonjwa huandikiwa mema aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima. Na enyi mlio wazima, msimwone aliyebaki nyumbani kuwa mnafiki. Mpelekeeni uji.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, wassalatu wassalamu ala Rasulillah.

Enyi Waislamu, katika khutba ya kwanza tumesema jinsi ya kutodhuru. Sasa tuseme jinsi ya kufaa, kwa sababu Muislamu hatosheki na kusema, "Mimi sikumdhuru mtu."

Nchi yetu imejaribiwa mara nyingi. Tarehe 22 Aprili 2014 treni iliacha reli huko Katongola, si mbali na mji wetu, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Machi 2022 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka karibu na Lubudi, na waliokufa wakazidi 60. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliporomosha mito na udongo juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kivu ya Kusini, na watu zaidi ya 400 walipotea. Mwaka 2019 surua ilienea karibu nchi nzima ikaua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Na karibu yetu, katika maziwa ya Lualaba upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kipindupindu hurudi tena na tena, na mafuriko huwatoa watu katika nyumba zao.

Katika kila jambo la namna hii, msaada wa mbali huchukua muda kufika. Njia ni mbovu, mafuta ni ghali. Anayefika kwanza ni jirani. Yeye ndiye anayetoa mtu chini ya gogo, yeye ndiye mwenye bidoni ya maji. Kwa hiyo swali kwa kila mmoja wetu ni hili: nikifika, nitafika na nini mkononi?

Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari. Walikuwa chakula chao kikipungua safarini au mjini, walikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akasema wao ni katika yeye naye ni katika wao. Imo katika Bukhari na Muslim. Hawakungoja tajiri aje. Kila mmoja alikuwa na kidogo, na kidogo kilipokaa pamoja kikatosha.

Na tusiulize dini ya aliyepatwa. Sisi Waislamu ni wachache katika mji huu. Majirani zetu ni Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste na wengine. Tunachota maji mahali pamoja, na kipindupindu kikiingia katika kisima hakiulizi nani anasali wapi. Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, swali lake la kwanza likawa kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu. Qur'an katika Sura Al-Mumtahina haikatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita.

Wako wanaosita kufanya kazi pamoja na Msalaba Mwekundu au na mashirika ya makanisa. Wakumbuke Hilf al-Fudul. Ule ulikuwa mkataba wa kumsaidia aliyedhulumiwa, uliofungwa Makka kabla ya Uislamu, katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya utume akasema kwamba kama angeitwa kwa mkataba kama ule katika Uislamu angeitika. Kubeba machela pamoja na jirani hakukutoi katika dini.

MAMBO YA KUANZA WIKI HII

Nyumbani:

1. Weka bidoni moja ya maji safi yenye kifuniko, isiyoguswa kwa kazi ya kila siku, na uyabadilishe maji yake mara kwa mara. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tufunike vyombo usiku.

2. Weka sabuni karibu na choo na karibu na jiko. Asiye na maji ya bomba atoboe chupa, aitundike.

3. Jifunze maji ya kuokoa mtu anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya. Usimnyime maji kwa kudhani yanaongeza kuharisha.

4. Funga kadi ya uchaguzi, vyeti vya watoto na karatasi za chanjo ndani ya plastiki, mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuvichukua kwa mkono mmoja.

5. Safisha mfereji wa lupango kabla ya mvua. Kubalianeni na familia mtakutana wapi mkitawanyika.

6. Kamilisha chanjo za watoto.

Msikitini:

1. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni, madirisha wazi wakati wa sala. Kikombe kimoja cha kunywea watu wote kiondolewe. Wakati wa gripi salamu ya mdomo inatosha, kila mtu aje na msala wake.

2. Orodha ya wajane, wazee wanaoishi peke yao, walemavu na wenye mimba, kila kata na mtu wake wa kuwatembelea.

3. Orodha ya wenye kinga, pikipiki, mkokoteni na tochi, ili usiku wa dharura tusianze kuulizana.

4. Orodha ya walio tayari kutoa damu. Ajali ya treni haingoji watu washauriane. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Maida amemfananisha anayeokoa nafsi moja na aliyeokoa watu wote.

5. Sanduku la dharura. Kila Ijumaa franka kidogo, au kopo la unga, au kipande cha sabuni. Lihesabiwe mbele ya mashahidi na hesabu isomwe kwa jamaa, maana sadaka isiyo na hesabu huvunja mioyo ya watoaji.

6. Akifa mtu kwa ugonjwa wa kuambukiza, tuwaite wahudumu wa afya kabla ya kumgusa. Wanachuoni wameruhusu kutayamamishwa, au hata kuachwa kuosha, panapokuwa na hatari kwa waoshaji. Mungu anajua nia zetu.

Na kuhusu habari za simu: kila ujumbe unaosema ugonjwa ni uongo, au kwamba mti fulani unaponya yote, usiusambaze kabla ya kuhakikisha. Sura Al-Hujurat imetuamuru tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Ulimi ulioua mtu kwa uvumi utaulizwa.

DUA

Ewe Mola wetu, tukinge na maradhi mabaya, na njaa, na maji yanayobomoa, na moto unaounguza. Waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu. Warehemu waliokufa katika reli, katika mito na katika vitanda vya hospitali. Wape nguvu waganga na wauguzi wanaokesha. Ilinde Kamina, Haut-Lomami na Kongo yote. Tujaalie tufunge kamba kisha tukutegemee Wewe, na balaa likija likute mikono yetu imeshikana. Amina.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu, isitupwe chini wala isifungiwe samaki. Ukimaliza kusoma, msomee asiyejua kusoma, kisha mpe jirani.)